Hivi ni kweli jina Kariakoo limetokana na jeshi la wapagazi? Wajuzi wa historia njooni

dogo_wa_Msimbazi

Wakuu salaam. Mimi niko Kariakoo, nauza mitumba, huu mwaka wa sita nafika hapa alfajiri kabla hata daladala hazijachangamka na sijawahi kujiuliza hili jina limetoka wapi. Juzi nimekaa na mzee mmoja tunakunywa kahawa, akapita kijana kajitwika belo mgongoni, kainama mpaka unaona mishipa ya shingo, anapandisha ghorofa ya tatu. Yule mzee akamwangalia mpaka akapotea kwenye ngazi alafu akasema "babu zenu walibebeshwa hivyo hivyo mpaka Lindi na wengi hawakurudi, ndo maana hapa panaitwa Kariakoo". Nikamuuliza walibebeshwa na nani, akasema vita vya Mjerumani na Mwingereza, akanyanyuka akaenda zake kuswali.

Sasa tangu siku ile sina raha. Ni kweli? Na kama ni kweli hicho kikosi kilikuwa cha kazi gani hasa, kupigana au kubeba tu? Na kwa nini shuleni tulisoma habari za Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Mjerumani, na sanamu ya Askari pale Posta lakini hawa hawakutajwa kabisa, au ni mimi sikusikiliza? Naomba anayejua aeleze kwa kirefu, nitasoma yote.

Mkaanga_Chapati

Mi nilisikia ni neno la Kijerumani, Wajerumani ndo walijenga soko la kwanza pale.

mwalimu_mstaafu_Ilala

Mkaanga Chapati uko karibu na ukweli ila jina sio la Kijerumani. Wajerumani kweli walianza kujenga banda la soko pale kabla ya vita, lakini vita vya 1914 vikawakuta hawajalifungua. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na eneo lile wakaligeuza kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kwa kizungu Carrier Corps. Mswahili akilisikia neno hilo kila siku analisema jinsi ulimi wake unavyolipokea, Kariakoo. Vita vilipokwisha kambi ikaondoka, jina likabaki, na soko likaja kufunguliwa 1923. Hili jengo lenye mapaa kama miamvuli ambalo lina shimoni ni la baadae sana, alilichora Beda Amuli na likafunguliwa miaka ya 70, ndilo lililoungua Julai 2021.

Kwa hiyo dogo, mzee wako hakukudanganya. Na swali lako la kupigana au kubeba, jibu ni kubeba. Lakini ukisema kubeba "tu" unakosea, maana bila wao ile vita isingepiganwa hata mwezi mmoja.

Kikosi kilianzishwa Agosti 1914 upande wa Kenya, wakati ule ikiitwa Afrika Mashariki ya Uingereza, chini ya ofisa wa utawala aliyeitwa Oscar Watkins ambaye alikuwa anajua Kiswahili vizuri. Mwanzoni walichukua watu waliozoea kazi hiyo, na ukanda huu ulikuwa nao, maana Wanyamwezi walikuwa wanapagaa misafara ya Tabora mpaka Bagamoyo vizazi na vizazi, mtu akiwa hajaenda pwani hata mara moja haozi. Maneno mengi ya kikosi yalitoka kwenye ile misafara, mnyapara, posho, mzigo. Tofauti ni kwamba mpagazi wa msafara alikuwa anapatana ujira wake na akiona tajiri mbaya anatua mzigo anaondoka. Mpagazi wa vita akitua mzigo akaondoka anahesabiwa mtoro, anakamatwa.

Na kuhusu sanamu, siku ukipita Posta simama usome yale maandishi chini yake. Imewekwa 1927 na inaonesha askari na bunduki yake, lakini maandishi, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja na wapagazi, yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Watu tunapiga picha na askari hatusomi chini.

Nyakio_Ngara

Habari zenu ndugu wa TZ. Niko Nairobi na hapa kwetu pia tuko na Kariokor, soko liko karibu na Ngara, watu wanaenda kula nyama choma na kununua viondo na viatu vya ngozi, na jina limetoka hapo hapo, ilikuwa kambi ya Carrier Corps. Kwa hiyo hiyo hoja ya Kijerumani inaanguka maana Mjerumani hajawahi kutawala Nairobi.

Sanamu yetu iko Kenyatta Avenue, iliwekwa 1928, na yetu ina watu watatu, mmoja wao ni mpagazi. Mimi nimepita hapo tangu nikiwa shule na nilidhani wote ni askari mpaka guka (babu yangu) akanionyesha huyu hana bunduki.

Kitu kingine ambacho kwa upande wetu wazee walikikumbuka sana ni mwaka 1917. Kabla ya hapo walikuwa wanachukua watu wengi lakini bado kuna kijiji kinapona. 1917 jeshi likasema linataka watu zaidi maana linaenda kummaliza Mjerumani kusini, akawekwa John Ainsworth kusimamia ukusanyaji, machifu wakapewa idadi ya kutoa, na chifu naye anamtoa nani? Anamtoa mtoto wa mtu asiye na mtetezi. Watu waliitwa baraza, wakifika wanazingirwa. Wengine walikimbilia misitu, wengine walienda kuandikwa kwenye mashamba ya walowezi ili wasichukuliwe. Waliochukuliwa Kenya nzima kwa miaka yote ya vita ni zaidi ya laki moja na nusu, na ile nchi wakati huo haikuwa na watu wengi hivyo.

Mshahara ulikuwa rupia 5 kwa mwezi baada ya kupunguzwa, walianza na zaidi ya hapo. Askari wa KAR (King's African Rifles, kikosi cha askari Waafrika wa Mwingereza) alikuwa anapata zaidi sana. Hebu beba hiyo mizigo kwa rupia tano.

Ugavi_mstaafu

Nimefanya kazi ya ugavi jeshini miaka 22, nimestaafu, sitasema zaidi ya hapo. Hii mada inanigusa kwa sababu watu wakisikia jeshi wanaona bunduki, sisi tuliokuwa nyuma tunajua bunduki ni sehemu ndogo. Ngoja nimueleze dogo kwa hesabu, kwa sababu hawa watu waliuliwa na hesabu kabla ya kuuliwa na risasi.

Kwanza jiulize kwa nini watu na sio punda au gari. Punda, farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, mbung'o wakawamaliza. Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Mwingereza huku, aliposhuka kutoka Kilimanjaro 1916 wanyama walikuwa wanakufa njiani kiasi kwamba ungeweza kufuata njia ya jeshi kwa harufu. Magari yalikuwepo, lakini masika yakianza ile njia inakuwa tope mpaka magotini. Reli walijenga, ile ya Voi kwenda Taveta mpaka ikaungana na reli ya Mjerumani ya Tanga-Moshi, na ilisaidia sana, ila reli inaishia inapoishia. Kuanzia pale mbele ni kichwa na bega la mtu.

Sasa hesabu. Mpagazi mmoja anabeba kama kilo 25. Anakula kama kilo moja ya posho kwa siku. Mpeleke umbali wa siku 10. Kwenda amekula kilo 10, kurudi anahitaji kilo 10. Kwenye ule mzigo wa kilo 25 kilichomfikia askari ni kilo 5. Siku 12 kwenda na 12 kurudi, kinabaki kilo moja. Yaani mtu ametembea karibu mwezi mzima kufikisha chakula cha askari mmoja cha siku moja.

Chukua askari 1,000 walioko mbele siku 10 kutoka mwisho wa reli. Wanakula kilo 1,000 kila siku. Kila mpagazi anafikisha 5, kwa hiyo wanatakiwa wafike wapagazi 200 kila siku inayokuja kwa Mungu, na kwa kuwa kila mmoja safari yake ni siku 20, unahitaji wapagazi 4,000 barabarani muda wote. Hapo ni unga peke yake. Hujaweka risasi, hujaweka mizinga iliyofunguliwa vipande, dawa, majeruhi wa kurudishwa kwa machela ambapo kila machela inakula watu wanne au zaidi, hujaweka wanaougua ambao nao wanakula.

Ukiangalia hesabu hiyo utaona mkuu yeyote wa kikosi akibanwa, kitu cha kwanza anachokata ni nini? Posho ya mpagazi. Hawezi kumkata askari maana ndio anapigana. Hawezi kuacha risasi. Anakata tumbo la yule anayebeba, na yule anayebeba akidhoofika anabeba kidogo, kwa hiyo wanatakiwa wengi zaidi, na wale wengi zaidi nao wanakula. Ni shimo lisilo na mwisho na Waingereza waliingia humo na macho yanaona. Mwanzoni mwa 1917 kule Rufiji mvua ilipofunga njia, askari wenyewe walilala na njaa, sasa fikiria mpagazi.

Na hiyo posho yenyewe ilikuwa tatizo. Unga wa mahindi, tena wa kusagwa ovyo. Watu wengi waliotoka sehemu za ndizi, za mtama, za ulezi, matumbo yao hayajazoea. Wanafika kambini usiku, kuni zimelowa, vyungu havitoshi, wanakula unga haujaiva. Tumbo likianza kuhara hivyo kwenye jua na mzigo kichwani, linaishia kuhara damu. Kuhara damu kuliua wengi kuliko kitu kingine, alafu malaria hasa kwa watu wa milimani waliopelekwa pwani, na kichomi kwa waliolala kwenye mvua bila blanketi. Watkins alipigania hili jambo la chakula kuiva na uzito wa mizigo kupunguzwa, na baadae zikawekwa hospitali za wapagazi na wapishi kwenye vituo na hali ikawa nafuu kidogo. Ila baadae kwenye ugavi ni neno baya sana. Tulifundishwa kazini kwamba kituo kinaandaliwa kabla mtu hajafika.

dogo_wa_Msimbazi

Ugavi mstaafu nimesoma hiyo hesabu mara tatu, kilo moja, nimeishiwa nguvu. Walikufa wangapi jumla?

mwalimu_mstaafu_Ilala

Upande wa Waingereza waliowaandikisha kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe, Nyasaland, Rhodesia, Zanzibar, Msumbiji na hata Afrika Magharibi wanakaribia milioni moja. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ni zaidi ya 95,000, na hiyo ni walioandikwa. Wale waliokamatwa kijijini wabebe mizigo siku tatu mpaka kijiji cha pili hawakuandikwa popote, na wale waliorudi nyumbani wamebakia mifupa wakafia kwao hawakuhesabiwa.

Mkuu mmoja wa Ofisi ya Makoloni kule London aliandika kwa mkono wake kwamba jambo hili halikuwa kashfa kwa sababu tu walioumia zaidi ni wapagazi, na nani anajali habari za wapagazi. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga nikatoka nje.

Mgogo_wa_Mvumi

Jamani mnazungumza upande wa Mwingereza tu kana kwamba Mjerumani alikuwa anabebewa na upepo. Sisi Ugogo tulikuwa katikati. Mjerumani akirudi nyuma anachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mwingereza akiingia 1916 anachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waliobaki kulima ni wazee na watoto, mvua ikakata, ikaja njaa ya Mtunya kuanzia 1917. Neno lenyewe ni kugombania, kunyang'anyana. Wanakadiria Wagogo elfu 30 walikufa. Bibi yangu alikuwa akituona tunabakiza ugali anataja hilo neno moja tu na sahani inaisha.

Ndio maana mimi nikisikia wazungu wanamsifia Lettow-Vorbeck kwamba alipigana miaka minne bila kushindwa naumia. Alipigana kwa chakula cha nani na mabega ya nani? Alivuka Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji kwa sababu huku chakula kilikuwa kimekwisha, baada ya vita vya Mahiwa kule Lindi. Aliposalimu amri Mbala, wakati ule ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, alikuwa na Wajerumani 155, askari 1,168 na wapagazi kama 1,500. Tazama mwenyewe, mpaka siku ya mwisho wapagazi ni wengi kuliko askari. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi wakaamua kuwalipa wale askari wazee waliokuwa hai. Malipo yalikuwa ya askari.

Wa_Ujiji

Huku Kigoma nako msisahau, Wabelgiji waliingia kutoka Kongo wakaichukua Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na wao walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na watu wetu wa njiani. Na MV Liemba mnayoisikia, ilikuwa ya jeshi la Mjerumani, ikiitwa Goetzen, ililetwa kutoka Ujerumani vipande kwenye makasha elfu 5 ikaunganishwa Kigoma, ikaanza kazi 1915 kupeleka askari na mizigo ziwani. Wenyewe wakaizamisha 1916 wasiiache kwa adui, Waingereza wakaiopoa, ikaanza kutembea tena 1927. Kwa hiyo ile meli iliyobeba bibi zetu na dagaa miaka yote ni chombo cha ugavi cha vita ile ile.

Nyakio_Ngara

Naongeza mbili tatu. Ya kwanza ni pesa zao. Wengi walikufa na mishahara haijachukuliwa, na kwa sababu majina yaliandikwa vibaya, mtu wa Machakos kaandikwa na karani asiyejua lugha yake, familia haikupatikana au haikutafutwa. Watkins na wengine walidai miaka mingi hizo pesa zirudi kwa jamii, hata kama mwenyewe hajulikani basi kijiji kijengewe kitu. Mpaka miaka ya 1930 jibu likawa hapana.

Ya pili ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume ilipitishwa 1915 vita vikiendelea na ikaanza kutumika baada ya vita, mwanaume anatembea na karatasi yake kwenye kikopo shingoni. Serikali ilikuwa imeshajifunza kwenye kikosi jinsi ya kumpa kila mtu namba na kumfuata mpaka kwake.

Na ya tatu ni lugha. Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu, Mganda na Mnyamwezi wakilala kambi moja na mnyapara mmoja wanaongea nini? Kiswahili. Wengi waliondoka kwao hawajui neno, wakarudi wanakijua.

dogo_wa_Msimbazi

Wakuu nimerudi. Jana jioni nimempigia bibi Kondoa, ana miaka 80 na kitu lakini kumbukumbu iko. Nimemuuliza tu "bibi kuna mtu kwetu alichukuliwa kubeba mizigo vita vya wazungu?" Akanyamaza, nikafikiri mtandao umekata. Alafu akasema kaka mkubwa wa baba yake alichukuliwa wakati wa kupalilia, hata jembe aliliacha shambani, wakaambiwa anakwenda siku chache. Hawakuletewa taarifa. Baba yake bibi alikuwa mtoto, alikuwa anakaa njiani kumsubiri mpaka akazuiliwa. Kaburi hakuna, lakini kila wakifanya tambiko jina lake linatajwa pamoja na waliozikwa pale. Nimemwambia bibi anitajie akanitajia nikaandika kwenye daftari la mauzo kwa sababu ndo lilikuwa mkononi.

Naomba kuuliza la mwisho, kuna mahali wanaandika haya majina? Hata kama ni Uingereza.

Ugavi_mstaafu

Pole sana kijana wangu. Ipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ndiyo inayotunza makaburi ya vita vile. Baada ya vita wazungu walipewa kila mtu jiwe lake au jina lake ukutani, wapagazi hawakupewa. Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 hawakuwekwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi huo huo. Tangu hapo wanatafuta majina kwenye kumbukumbu za zamani, Kenya wameshayapata kwa maelfu. Afrika Kusini wamefungua mnara Cape Town Januari 2025 wenye majina 1,772 ya watu wa namna hiyo hiyo, kila mmoja nguzo yake ya mti.

Waandikie. Weka jina lake, jina la baba yake, ukoo, kijiji, na hilo la msimu wa kupalilia usiliache maana linasaidia kujua mwaka na kundi alilochukuliwa nalo. Muulize bibi pia kama anajua ni wazungu gani waliomchukua na walielekea upande gani, kusini au magharibi. Na muulize walichukuliwa wangapi pale kijijini siku ile, kama anawajua kwa majina andika wote, wasiokuwa na mjukuu Kariakoo.

dogo_wa_Msimbazi

Nampigia tena leo saa mbili usiku akishakula. Nimenunua daftari jipya.